Makala juu ya "Makala": kinga, kamio na bei ya safari yetu



Mtu wa Tanzania ukimwambia "nipe makala," atakuletea gazeti. Mama wa Likasi ukimwambia hivyo, atakuuliza: gunia ao sakoshi? Basi leo ninaandika makala juu ya makala. Zaidi ni juu ya filamu yenye jina hilo, Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras. Ilitoka mwaka 2017, na mwaka uleule ilipata zawadi kubwa ya Wiki ya Uhakiki ku Cannes. Si filamu ya kuigiza. Ni maisha ya watu kabisa, ku upande wa Kolwezi, na wanasema Kiswahili chetu cha nyumbani bila kukisafisha juu ya wageni.

Mbona ninaileta hapa? Ni juu ya shauri moja ambalo siye vijana tuliosoma tunapenda kulirudia siku hizi. Tumelitoa ku intaneti, tunalitumiana ku telefone: ukitaka kusafiri kwa bei ndogo bila kuchafua hewa, acha motokari. Panda treni. Panda baiskeli. Tembea kwa mguu. Beba kidogo. Silikatai. Lakini liliandikwa juu ya mtu anayechagua. Ana pesa ya motokari, ana treni inayofika kwa saa yake, ana njia ya baiskeli pembeni ya barabara, kisha anachagua. Filamu ya Gras inatuonyesha mtu anayesafiri bila tone la esanse, kwa nauli ya bure, na hakuna alichochagua. Nilipoimaliza, shauri lile sikuweza tena kulisema kama zamani. Nataka kueleza kwa nini, na pia kueleza mahali ambapo filamu yenyewe, kwa maoni yangu, imesimama mapema.

Tuanze na hadithi, juu wengi hamujaiona. Kabwita Kasongo ni kijana wa miaka 28, anakaa mu kijiji cha Walemba pamoja na bibi yake Lydie. Anataka kujenga nyumba, na nyumba inahitaji mabati. Basi anachukua shoka, anatafuta mti mkubwa, anaukata peke yake. Anapanga magogo, anayafunika na udongo, anawasha, anangoja. Makala yakiiva anayaweka mu magunia, anayafunga juu ya kinga mpaka kinga yenyewe haionekani tena. Kisha anaanza kuisukuma kwenda Kolwezi, kilomita kama 50. Kuisukuma, si kuipanda. Mlima unakuja, mchanga unakuja, usiku unakuja, makamio yanapita karibu na kiwiko chake. Mbele ya kuingia mji kuna watu wanaomudai pesa ya kupita. Ndani ya mji kuna ba mama wanaoshusha bei. Na kuna hesabu ya mabati, ambayo ni kubwa kuliko hesabu ya makala.

Hakuna sauti ya mwalimu inayotuelezea, hakuna namba zinazoandikwa ku kioo. Gras alishika kamera mwenyewe, na anajua kungoja. Ile sehemu ya mti ni ndefu kweli. Shoka linapiga, linapiga, na wewe unayeangalia unachoka mbele yake. Mu filamu ingine wangekata: mti umesimama, paf, mti umeanguka. Hapa unalipa ile dakika. Njo maana, wakati mama mmoja anasema gunia ni la bei kali, unasikia hasira tumboni, kisha unakumbuka kwamba mama yako naye anasema maneno yaleyale kila wiki, na weye ulikuwa unamsifu kwamba anajua kununua.

Kwangu mimi ile sehemu ya kuuza njo bora kuliko zote. Bora kuliko usiku, kuliko vumbi, kuliko jua linalotoka nyuma ya kinga. Ku soko Kabwita haiko tena picha ya mateso. Ni mfanyabiashara. Anajua bei yake, anajua mahali atakapokataa, anajua pia kwamba jua likishuka na gunia bado lipo, atakubali. Tunamuona akifikiri. Watu waliozoea kuona Katanga kupitia picha za machozi wanahitaji sana kuona mtu wa Katanga akihesabu.

Sasa lawama. Ninayo mbili.

Ya kwanza ni muziki. Gras alimupatia Gaspar Claus kazi ya muziki, na Claus anapiga selo. Ni nzuri, sikatai. Lakini inaingia wakati Kabwita anasukuma mu vumbi na makamio yanapita, na mara moja barabara inakuwa kanisa. Kabwita anakuwa mtakatifu anayebeba msalaba. Hapo ninamuuliza mpiga filamu: nani aliomba mtakatifu? Mtakatifu hatumupigii hesabu. Tunamuonea huruma, tunapiga mikono, tunarudi nyumbani. Mtu anayefanya kazi tunaweza kumuuliza maswali: gunia moja linakupatia faida ngapi? Mwezi unafanya safari ngapi? Magoti yako yako namna gani? Ukipata pesa kidogo, utalipa nafasi mu kamio ao utaendelea kusukuma? Selo inafunika maswali hayo. Nilifunga sauti, nikaiona ile sehemu tena kimya. Ilikuwa na nguvu zaidi.

Lawama ya pili ni kubwa, nayo inagusa moja kwa moja habari ya safari. Kamera inamufuata mtu na kinga yake karibu sana mpaka hatuoni sababu ya safari yenyewe. Tunaona barabara kama mvua, kama jambo la Mungu. Hatuulizwi kwa nini mu mji wa shaba na kobalti watu bado wanapika na makala. Hatuulizwi kwa nini mzigo huu haupande treni. Na kamera yenyewe ilisafiri na nini? Ilifika namna gani mu kila pembe ya barabara? Filamu haisemi. Siye wa Likasi tunaweza kujaza nafasi ile, juu tunakaa katikati kabisa ya hiyo barabara: Lubumbashi kilomita kama 120 upande mmoja, Kolwezi kilomita kama 180 upande mwingine. Kinga za makala tunazipisha kila asubuhi.

Tuanze na mzigo. Kinga yenyewe ni safi. Haina moshi, haina kelele, haiombi esanse. Ukipima safari ya Kabwita na kipimo cha ba intaneti, ni safari ya kijani kuliko zote: mtu mmoja, magurudumu mawili, jasho. Lakini angalia kilicho juu. Mu tanuru za udongo za kawaida, kilo moja ya makala inaweza kula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Ule mti tuliouona ukianguka ulikuwa mti wa miombo, na miombo haikui kama muhogo. Basi chombo cha kusafiria kisicho na moshi kimebeba moshi wa jiko letu. Tukisema "kinga ni safi" tunadanganya. Tukisema "Kabwita anaharibu pori" tunadanganya zaidi, juu Kabwita habebi makala ya kwake. Anabeba ya kwetu. Mbabula iko ku nyumba yangu na ku nyumba yako, chini ya chungu cha bukari.

Na kwa nini iko pale? Ku mto Lufira, mbali kidogo na mji wetu, kuna Mwadingusha, kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930. Mashine zake zilichoka, zikarekebishwa na pesa za ba wachimbaji wa Kamoa-Kakula, na kazi ikamalizika mwaka 2021: megawati 78. Umeme ule unaingia mu mtandao wa taifa, na mgodi una sehemu yake. Sikatai mgodi upate umeme, mgodi unaajiri watu. Ninasema tu kwamba mu Likasi, mji uliokaa karibu na maporomoko ya Lufira karibu miaka mia moja, jioni bado tunauliza jirani: "Kwenu umeme iko?" Delestaji ikikata, mama anawasha mbabula. Mbabula ikiwaka, mti mmoja unaanguka Walemba ao kijiji kingine, na kijana mmoja anaanza kusukuma. Hiyo njo sababu ya safari. Gras angesimamisha kamera dakika tano tu mu jikoni moja la Kolwezi usiku bila umeme, filamu ingekuwa na mguu wa pili.

Sasa treni. "Panda treni," shauri linasema. Huku kwetu neno hilo lina uchungu wake. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 na ikaendelea kupanda kuelekea Kambove na Bukama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Likasi bado inaitwa Jadotville, kampuni ya BCK ilianza kuvuta treni na umeme kati ya hapa na Tenke. Umeme wa mito yetu wenyewe. Fikirini: babu zetu walipanda treni isiyotumia makaa ya mawe wala mazuti mbele ya wengi wa Ulaya, na hakuna aliyeita hiyo "usafiri wa kijani." Waliita treni. Haikujengwa juu ya starehe yao, ilijengwa juu ya shaba, na mu mabehewa yake mweupe na mweusi hawakukaa pamoja. Lakini njia ilikuwepo, nguzo zilikuwepo, na mama wa Likasi alipeleka unga na muhogo mbali bila kuuza mbuzi.

Leo shaba nyingi imehama reli, inapita ku barabara juu ya makamio, na kamio njo inayomusukuma Kabwita mu mtaro. Treni ya abiria imekuwa jambo la kubahatisha. Watu wanafanya nini? Tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena ikielekea Tenke ilianguka ku Buyofwe, mu teritware ya Lubudi. Haikuwa treni ya abiria, lakini ilikuwa imejaa watu waliopanda kwa siri. Hesabu ya kwanza ilisema wafu 60, kisha serikali ikafikisha 75. Ba gazeti wakawaita "wasafiri wa siri." Mimi ninawaita watu waliotafuta njia ya bei ndogo. Walifanya kile shauri linasema: waliacha motokari, wakapanda treni, wakabeba kidogo.

Njo maana ninasema shauri limekosa kitu. Linapima safari na vipimo viwili, pesa na moshi. Huku kuna cha tatu: mwili wa nani unalipa. Safari inaweza kuwa ya bei ndogo juu kuna mtu mwingine anayemaliza mgongo wake. Inaweza kuwa bila moshi juu mtu amekosa pesa ya moshi. Makala ya Gras inajua hicho kipimo cha tatu kuliko filamu yoyote niliyoona. Kosa lake ni kwamba inakionyesha peke yake, imekikata na vile viwili vingine, mpaka mtu wa mbali anaweza kufikiri kwamba Kabwita anateseka juu Afrika iko hivyo.

Acha niseme pia la kwangu, juu si vizuri kumhukumu Mfaransa halafu mimi nikajificha.

Mwaka niliomaliza masomo nilikuwa ninarudi kutoka Lubumbashi mu basi ndogo. Tulikuwa tumebanana wanne wanne, dosie yangu ya karatasi za shule juu ya magoti. Mbele kulikuwa kamio ndefu. Dreva akachoka kungoja, akatoka kuipita, akakuta pembeni mtu anasukuma kinga ya makala. Hakumugonga. Alipiga honi tu, ndefu, na ule muzee akakimbiza kinga yake mu majani. Kinga ikalala. Gunia moja likapasuka, makala yakamwagika mpaka ku lami. Dreva akatoa kichwa ku dirisha: "Weye muzee, unatafuta kufa?" Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma akasema, "Simamisha baba, tuone kama hakuumia." Na mimi, mwenye diploma, nikasema: "Twende mama, tunachelewa."

Tulienda. Sikufikiria tena jambo lile mpaka siku niliyoona filamu, ku telefone ya rafiki, tumeinamisha vichwa juu ya kioo kidogo. Kamio lilipopita karibu na Kabwita, rafiki yangu alisema, "Aah, huyu dreva ni mubaya." Mimi nilikuwa ninatafuta basi ndogo nyuma ya kamio, na mu basi nilikuwa ninatafuta uso wangu.

Mtu atasema: basi weye unataka tufanye nini? Tusisafiri? Hapana. Basi ndogo iliyojaa watu kumi na nane, ukigawanya esanse yake kwa kila kichwa, ni bora sana kuliko motokari ya mtu mmoja, ku pesa na ku hewa. Tuendelee kuipanda. Lakini tuipande kama watu walio ndani ya ile barabara, si kama mzigo. Mtu akisema "dreva, punguza, kuna kinga mbele," hapotezi franga hata moja. Wakisema watatu, dreva anapunguza. Nimejaribu. Mara ya kwanza walinicheka. Mara ya pili mama mmoja alinisaidia.

Na ku soko, ukinunua gunia ao sakoshi, patana bei, ni haki yako, Kabwita mwenyewe anapatana. Lakini ukijua njia aliyopita, kuna mahali utasimama. Usimungojee mpaka jua lishuke.

Yale makubwa hatuyawezi peke yetu, lakini siye njo tunaojua kuandika barua. Kila mara wanapotangaza kazi ku barabara ya Likasi, kati yetu kuna ba injinia, ba mwanasheria, ba mwalimu. Tuulize jambo moja tu: kandokando ya lami mumeacha meta ngapi juu ya mtu anayesukuma? Wanapotangaza habari ya reli, wanaongea tani za shaba. Tuulize: na behewa la abiria litapita siku gani, saa ngapi, kwa bei gani? Wanapotangaza megawati, tuulize: mangapi yatafika ku jikoni? Maswali matatu haya yana mazingira zaidi ndani yake kuliko mashauri kumi ya kubeba chupa ya maji na kupanda baiskeli.

Ninarudi ku filamu. Itazameni. Ni ya dakika kama 96. Iangalieni pamoja na mama ao yaya anayenunua makala, si peke yenu na masikilizi ku masikio. Simamisheni ile sehemu ya soko na mumuulize mama: bei ile ilikuwa ya haki? Nilifanya hivyo nyumbani. Mama yangu aliangalia Kabwita akisukuma usiku, hakusema kitu muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo Gras hakuuliza, wala mimi sikulifikiria na masomo yangu yote:

"Kurudi kijijini, anapanda hiyo kinga ao anaisukuma tena?"

Nikamwambia, kurudi haina mzigo, mama, anaweza kuipanda.

"Basi," akasema, "angalau kurudi anasafiri."